Mgeni Aliyekula Sato na Neno la Siri

"Naitwa Jonathan," alisema yule kijana wa pili. "Fundi wa mtandao, kutoka Dar es Salaam."

Selina Kashindye bado ameganda pale pale tulipomwacha Ijumaa iliyopita, nyuma ya meza ya mapokezi ya kiwanda cha sabuni cha Ng'ombe Mweupe, Nyakato, Mwanza. Ni saa mbili na nusu asubuhi. Roho yake ilipanda mpaka kooni, na mpaka leo haijashuka.

Kwa sababu Jonathan, fundi wa mtandao kutoka Dar es Salaam, alishakuja jana. Alikuja nyumbani kwake Igoma saa saba mchana, akala sato mzima na ugali, akanawa, akashukuru, akaondoka na neno la siri.

"Jonathan yupi?" aliuliza Selina.

"Kwani mnaye mwingine?"

Selina akamkagua. Huyu wa leo ana hereni sikioni. Suruali yake imechanwa magotini kwa makusudi. Na amefika mbele ya mwanamke wa miaka hamsini na mbili, akasema "mambo".

Yule wa jana aliinama mlangoni mpaka mgongo ukalala. Akasema shikamoo mama, akabaki ameinama hivyo hivyo mpaka alipoitikiwa. Na mkononi alikuwa na sukari kilo mbili.

"Jana mchana ulikula nini?" Selina aliuliza.

"Mama?"

"Nimekuuliza ulikula nini."

"Chipsi mayai. Basi lilisimama Singida." Kijana akacheka. "Hilo nalo ni swali la usalama?"

"Hukula samaki?"

"Samaki nina mzio naye, mama. Navimba uso wote."

Akatoa kitambulisho. Picha yake ipo, na hereni ipo. Akatoa barua ya mwaliko yenye mhuri wa Ng'ombe Mweupe, na chini kabisa sahihi ambayo Selina angeitambua hata gizani, maana yeye ndiye aliyemshika mkono mwenye sahihi ile alipokuwa anajifunza herufi. Sahihi ya Gladness, mwanawe.

Basi. Mwenye adabu ndiye mwizi, na huyu asiyejua kuamkia watu ndiye fundi.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Ng'ombe Mweupe wana sehemu tatu. Sabuni inapikwa hapa Nyakato. Mbegu za pamba zinakamuliwa mafuta Magu. Ng'ambo ya maji, Kamanga, kuna stoo. Miaka yote sehemu hizi tatu zimekuwa zikiongea kama watu waliogombana. Hesabu ya mapipa ya Magu ilisafiri kwenye daftari la dereva. Ya Kamanga ilivuka na kivuko ndani ya flashi, na flashi ndani ya soksi ya mlinzi.

Gladness alipewa miezi sita ya majaribio aziunganishe zote ziwe kitu kimoja. Kwenda Magu amelaza waya wa mkongo ardhini, kando ya barabara. Kwenda Kamanga amefunga visahani viwili vinavyotazamana kuvuka ziwa. Simu mpya, mitambo mipya, hata sufuria kubwa za sabuni sasa moto wake unapunguzwa kwa kompyuta.

Leo saa nne Bibi Evelina, mwenye kampuni, anakuja kuona taa tatu za kijani kwenye skrini. Zikiwaka zote, Gladness anakuwa mkuu wa mtandao, kazi ya kudumu. Ikikosa kuwaka hata moja, anavua kofia ya usalama na kurudi nyumbani.

Na neno la siri la kuingilia mitambo yote lilijulikana na watu wawili tu. Gladness mwenyewe, na Selina.

"Karatasi inaibiwa," Gladness alimwambia siku ile. "Simu inaibiwa. Lakini wewe umekaa mapokezi miaka kumi na tisa, una namba mia sita kichwani. Nikilisahau utanikumbusha. Kichwa chako hakiibiwi, mama."

Kweli, hakiibiwi. Kinaombwa tu, kwa heshima.

"Karibu chai," Selina alimwambia Jonathan wa leo.

"Nimeshachelewa, mama. Gladness ananisubiri juu."

"Kuna maandazi."

"Sijisikii..."

"Ya moto."

Alimshika mkono akampeleka jikoni kwa Justa, mpishi, akamkalisha kwenye benchi kama mtoto wa kliniki. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka dakika tano tu za kufikiri, na dakika tano siku hiyo alizitafuta kwa kumficha fundi jikoni.

Hazikufika hata mbili. Gladness alishuka ngazi, kofia kichwani, buti miguuni, waya umening'inia shingoni kama tasbihi.

"Mama, fundi wangu yuko wapi? Mlinzi anasema ameingia."

"Anakula."

"Anakula nini saa hizi?"

"Mtu ametoka safari, Gladness. Mlitaka mumkute na njaa yake?"

Gladness alimtazama mama yake. Wazazi wenzangu mnalijua lile jicho, siku mtoto anapoanza kukukagua wewe.

"Kuna kitu," alisema.

"Hakuna."

"Mama, ukidanganya unashika sikio."

Selina akaachia sikio. Gladness akatikisa kichwa, akamtoa Jonathan jikoni na andazi mdomoni, wakapanda juu wote wawili.

Selina alirudi mezani kwake. Alitaka kulia, lakini simu ikaita.

Ilikuwa ile simu mpya, ambayo alikuwa bado hajaizoea. Ina kioo kidogo kinachoandika simu inatoka wapi, na yeye kwa mazoea ya zamani alipokea kabla ya kusoma.

"Ng'ombe Mweupe, habari ya asubuhi."

"Shikamoo mama."

Sauti ile. Laini kama mafuta ya nazi.

"Marahaba baba," Selina akajibu. Ilimtoka yenyewe.

"Mama yangu, nisamehe kwa usumbufu. Lile neno ulilonipa limekataa. Nimeliingiza mara nne. Limebaki jaribio moja, nikikosea mtambo unajifunga. Hebu nitajie tena, polepole. Si ni karibu Bujora?"

"Ndiyo," alisema Selina. "Kalibu Bujola."

"Ndivyo nilivyoandika, mama. Karibu Bujora."

"Basi ndilo. Kalibu Bujola."

Hapa msomaji inabidi tukuungamie. Wiki zote hizi tumekuwa tukiyanyoosha, na tutaendelea kuyanyoosha, maneno ya Selina ili usijikwae unaposoma. Ukweli ni kwamba Selina, mzaliwa wa Bujora, darasa la saba, hana r. Hajawahi kuwa nayo. Barabara kwake ni balabala, na rais ni laisi, na hajaona hasara yoyote.

Gladness alipoliandika neno lile, alilionyesha kwa mama yake kwenye kipande cha karatasi kabla ya kukitafuna. Kalibu Bujola. Kwa L.

"Unanicheka," Selina alisema siku ile.

"Sikucheki. Nimeliandika unavyolisema wewe. Mtu mwenye shule yake hata akilisikia atalinyoosha tu, hawezi kujizuia."

Selina alinuna siku mbili. Sasa, mkono wa simu sikioni, akaelewa. Yule kijana alilisikia vizuri kabisa. Ila alipofika kuandika, alimsahihisha.

Na hapa nisikilizeni vizuri, nyie mama zangu. Selina alikuwa tayari amefungua mdomo kumsaidia. Mtu amekwama, amekuamkia, anakuita mama, utamwachaje? Ulimi ulishagusa meno kusema "ni kwa L, baba".

Ndipo macho yake yakaangukia kwenye kioo kidogo cha simu. KAMANGA STOO.

Simu ilikuwa inatoka ndani ya kampuni.

Akafunga mdomo. Akaufungua tena, taratibu.

"Baba, umesahau namba."

"Namba gani?"

"Za mwishoni. Mwaka aliozaliwa Gladness. Jana sikukutajia? Uzee huu jamani."

"Mwaka gani, mama?"

"Tisini na saba."

Alisikia vidole vikibonyeza. Kisha mlio mmoja mrefu, kama mbu aliyenaswa.

"Mama," ile sauti ilisema, na mafuta yote yalikuwa yamekauka. "Umenidanganya."

"Na wewe umekula sato wangu kwa jina la mtu," alisema Selina, akakata.

Alikaa akajipepea na daftari la wageni. Kwa muda wa kama pumzi tatu hivi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Mwanza.

Halafu kutoka juu ikaja sauti ya mwanawe.

"Nani ameifunga Kamanga?"

Selina alizipanda ngazi mbili mbili. Chumba cha mikutano kilikuwa kimeshapangwa viti vya wageni, na ukutani skrini kubwa ilikuwa na maduara matatu. Nyakato kijani. Magu kijani. Kamanga nyekundu, nyekundu ya kuiva.

"Si sasa hivi, mama," Gladness alisema bila kugeuka.

"Ni sasa hivi. Aliyeifunga yuko Kamanga, ndani ya stoo yetu. Anaitwa Jonathan."

"Jonathan huyu hapa."

"Huyo ni wa leo. Mimi nasema wa jana."

Akamwaga yote kwa pumzi moja. Mlango, kuinama, sukari, sato, neno. Na simu ya sasa hivi, na namba ya uongo.

Gladness alikaa chini polepole.

"Kilo mbili," alisema. "Umeiuza kampuni kwa kilo mbili za sukari."

"Sikuuza. Aliniamkia vizuri."

Jonathan alikuwa anasikiliza huku anafuta sukari ya andazi mdomoni. "Samahani," alisema. "Kama alipewa neno, mbona hakuingia?"

Gladness akamweleza habari ya r na L. Jonathan akacheka mpaka hereni ikatikisika, halafu akamtazama Selina kwa heshima ambayo asubuhi hakuwa nayo.

"Shikamoo mama," alisema.

"Umechelewa," Selina akamjibu. "Marahaba."

"Msicheke," alisema Gladness. "Ule mtambo ukikosewa mara tano unajitenga. Haumsikii mtu wa mbali tena, hata mimi nikiwa hapa. Unamsikia aliyekaa mbele yake tu. Na kila nusu saa unampa majaribio matano mengine."

"Kwa hiyo mimi ndiye nimeufunga," alisema Selina.

"Wewe ndiye."

"Nilidhani nakusaidia."

"Najua, mama. Ndiyo maana naogopa."

Wakampigia Otuoma, mlinzi wa stoo ya Kamanga, kwa simu yake ya mkononi.

"Otuoma, kuna mtu kwenye chumba cha mitambo?"

"Yupo Jonathan, madam. Kijana mzuri sana. Amenisalimia, ameniuliza watoto wote kwa majina."

"Mtoe."

"Hatoki, madam. Amejifungia kwa ndani. Amesema vumbi likiingia mitambo inakufa. Chai nimempitishia dirishani, kwenye zile nondo."

"Zima umeme."

"Umeme? Si ulifunga betri mwenyewe wiki iliyopita? Ulisema hata Tanesco wakizima, mtambo unakaa saa sita."

Gladness akaegemeza paji la uso kwenye meza.

"Otuoma, huyo ni mwizi."

Ndege wa ziwani wakasikika kwenye simu.

"Mwizi anayemjua Adongo wangu kwa jina?" Otuoma aliuliza. "Aliniuliza kama jino lake limeshaota."

"Simama mlangoni. Akitoka, mkalie."

Jonathan alishachukua begi lake. "Kivuko kinaondoka lini?"

"Saa tatu na nusu. Bodaboda ya hapo nje ukimwambia kivuko cha Kamanga ataruka mpaka mitaro. Ukifika, ukate waya wa kisahani hata kwa meno."

Jonathan akateremka mbio. Gladness akamgeukia mama yake.

"Nisikilize. Yule hawezi kuingia. Ataandika Karibu Bujora mpaka jioni. Mradi tu asipatikane mtu wa kumwambia kuwa ni L. Kwa hiyo kazi yako mpaka Jonathan afike ni moja. Usiseme kitu kwa mtu yeyote."

"Hata salamu?"

"Salamu itikia. Ishia hapo."

Selina akaapa. Na alikuwa na nia, hilo tumshuhudilie.

Bibi Evelina aliwahi, kama watu wa zamani wanavyowahi. Mwanamke mfupi, kitenge cha zambarau, miwani mikubwa inayomfanya aonekane anashangaa muda wote. Nyuma yake wakaingia wakuu wa idara, na nyuma ya wakuu Justa na sinia la soda. Wa mwisho kuingia alikuwa Luhende, meneja wa Nyakato, shati jeupe, manukato ya kukufikia kabla yake.

Luhende huyu ni yule yule wa Ijumaa zilizopita. Shemeji yake ana kampuni ya mitandao pale mjini, na kazi hii waliihesabu kuwa ni yao mpaka siku Bibi Evelina aliposema apewe Gladness.

"Bibi," Luhende alisema, kabla hata watu hawajakaa sawasawa. "Nisingependa kukuharibia asubuhi. Lakini unaona Kamanga ni nyekundu. Neno la siri limevuja. Mimi meneja nililiomba nikanyimwa, nikaambiwa ni siri. Sasa liko mitaani."

Bibi Evelina akasogeza miwani. "Gladness. Ni kweli?"

Selina alikuwa amesimama karibu na mlango. Akamwona mwanawe akigeuka kumtazama. Angeweza kumnyooshea kidole. Angeweza kusema "muulize mama yangu".

"Ni kweli, Bibi," alisema Gladness. "Limevuja. Na lilikuwa mikononi mwangu."

"Basi nadhani hakuna la kusubiri," alisema Luhende. "Miezi sita imeisha leo."

Bibi Evelina alikuwa anaanza kufungua pochi yake, pale anapoweka barua za kazi.

"Ni mimi," alisema Selina.

Watu wote wakageuka.

"Mama," alisema Gladness.

"Ni mimi niliyelitoa. Nililitoa nyumbani kwangu, kwa mtu niliyemlisha. Mtoto hana kosa."

Luhende akacheka, kicheko cha kumpapasa mtu kichwani. "Bibi, huyu ni mama wa mapokezi, na ni mzazi. Anamfichia mwanawe, tusimlaumu. Lakini neno lenyewe hata halijui. Atalijuaje?"

Hapo alimgusa pabaya. Miaka kumi na tisa Luhende alipita mbele ya meza ile akimwita "huyu mama", kana kwamba mezani pamewekwa ndoo.

"Nalijua," alisema Selina.

"Liseme basi."

"Mama, usi..."

"Kalibu Bujola," alisema Selina.

Luhende akageuka kwa Bibi Evelina, mikono wazi. "Unaona? Anabahatisha. Karibu Bujora lilishakataliwa."

"Limekataliwa kwa sababu mwenye shule yake anaandika r," alisema Selina, kidevu juu. "La kwangu ni L. Zote mbili, L."

Gladness alikuwa amefumba macho.

Selina akalisikia neno lake likielea pale juu ya soda. Akatamani kulirudisha mdomoni, lakini wapi.

"Aa," alisema Luhende. "Kumbe. Basi tutalizungumza taratibu, Bibi. Nisamehe kidogo, niwaambie jikoni waongeze sahani."

Akatoa simu, akasogea dirishani, akawapa mgongo.

Jikoni? Justa si huyu hapa na sinia mkononi?

Na kingine. Kilimpanda Selina polepole kutoka miguuni. Nani alimwambia Luhende kuwa neno lilikataliwa? Waliojua ni Gladness. Ni Jonathan, ambaye sasa hivi yuko juu ya maji. Ni yeye Selina. Na ni yule aliyejifungia na chai ya Otuoma.

Alitaka kumnong'oneza mwanawe. Hakuwahi.

Duara la Kamanga likapepesa. Mara moja, mara mbili. Halafu likawaka kijani.

"Ehee," alisema mtu.

Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Justa akaweka sinia chini apate kupiga vizuri, na akapiga na kigelegele juu yake. Bibi Evelina akasimama, miwani ikimeta taa tatu za kijani, akamshika Gladness mabega yote mawili.

"Mwanangu," alisema. "Wamekutisha bure. Umeweza."

Gladness alikuwa anatabasamu kwa mdomo tu. Juu ya bega la Bibi alimtazama mama yake, na midomo yake ikatamka bila sauti: sijagusa kitu.

Fikiria. Watu ishirini wanampigia makofi mwizi, na wanaojua, ukimtoa Luhende, ni wawili.

Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Luhende. Alirudi kutoka dirishani anapiga, mpaka akaona simu inamzuia, akaiweka mezani kando ya chupa ya soda ili mikono yote ifanye kazi.

Simu ikaanza kutetemeka. Ikatambaa kidogo kuelekea ukingoni mwa meza.

Sasa mtu aliyekaa mapokezi miaka kumi na tisa hawezi kuiacha simu iite mara ya tatu. Si ujasiri, wala si akili. Ni mkono wenyewe. Kabla Selina hajajua anafanya nini, mkono ulishavuka meza, ukashuka, ukainua.

Kiooni paliandikwa: Shemeji Mdogo.

Akaiweka sikioni. Hakusema kitu.

"Bosi," ilisema ile sauti laini, sauti iliyokula sato wake mpaka kichwa. "Ni L kweli. Nimeingia. Nizime kipi kwanza, mashine za Magu, au niachie moto wa sufuria za sabuni hapo kwako mpaka zimwagike mbele ya bibi?"

Kupitia dirisha Selina aliliona bati la jumba la sabuni. Zamu ya asubuhi ilikuwa ndani, watu arobaini, na wengi wao aliwajua mpaka na ada za watoto wao.

Makofi yalikuwa yanapungua. Luhende alipapasa meza pale alipoiweka simu, akagusa chupa ya soda, akagusa kitambaa. Akainua macho.

Selina akamtazama. Akakohoa. Akaishusha sauti yake chini, chini zaidi, mpaka pale sauti za wanaume zinapokaa.

"Anza na ya Kamanga," alisema.

Sauti ya ng'ambo ya pili ikaja kwa mashaka:

"Kamanga? Bosi, nikiizima hii si najikata mwenyewe?"

Na Luhende alikuwa ameshaanza kuizunguka meza.